Marahaba ya Nyuma ya Pazia

Aliyekidharau kikohozi changu ni baba yangu mzazi, sebuleni kwetu Levolosi, mjini Arusha, wakati nimesimama mbele ya kioo cha kabati nikijifunza kukohoa.

Kazi yangu ni kufundisha wauguzi na matabibu namna ya kumhudumia mgonjwa anayeshindwa kupumua. Mgonjwa wa kwanza tunayewapa si mtu. Ni mdoli, mzee mzima wa plastiki mwenye mapafu ya mpira, kifua kinachopanda na kushuka nikibonyeza kitufe, na spika ndogo iliyofichwa shingoni. Aliletwa kutoka ng'ambo kama msaada, na sauti yake alikuja nayo. Ukimwasha alilalamika kwa Kiingereza cha puani, na wanafunzi wangu, watu wazima wenye watoto wao, walicheka mpaka wakashika kuta. Nikaizima ile sauti. Nikaenda kwa mzee mmoja wa Kisingasinga mwenye duka la vifaa vya umeme, akanichagulia maikrofoni na kuniunganishia waya huku akiniuliza kama nafungua kanisa. Tangu hapo nikawa najificha nyuma ya pazia na kumsemea mdoli mwenyewe. Wanafunzi wakapunguza kucheka, lakini hawakuacha, maana mzee mwenye sauti ya mama naye ana vituko vyake.

"Hicho kikohozi ni cha nani?" baba aliuliza kutoka kwenye kochi.

"Cha mgonjwa wa mapafu. Mzee wa makamo yako."

"Huyo hana ugonjwa. Amepaliwa na ugali."

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, wanafunzi wangu watakwambia, na hakuna anayenikasirisha upesi kuliko baba akiwa anasema kweli. Nikamwambia basi akohoe yeye. Akakohoa. Kilianzia mbali, kikapanda kikiburuta vitu, kikakwama, akainama na kushika magoti yote mawili, akavuta hewa kwa mabega. Nikasahau kwamba tunabishana, nikaenda kumletea maji.

Baba alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, na vumbi la maganda aliondoka nalo kifuani alipostaafu. Nyumbani kwake hasa ni upande wa Momela, lakini kifua kilipoanza kumsumbua nilimleta mjini awe karibu na daktari. Alikuja kwa shingo upande. Alisema Levolosi watu wamebanana kama mbegu za papai. Na kutoka dirishani kwetu Mlima Meru unaonekana nusu tu, nusu nyingine imezibwa na ghorofa la jirani, jambo ambalo baba alilichukulia kama amekosewa heshima yeye binafsi. Alishinda kwenye kochi akisikiliza redio na kuibishia. Kwa hiyo siku ile alipomaliza maji yake na kusema, "Mama, nipeleke huko chuoni nikukohoee," nilimwangalia usoni na kuona kwamba hatanii. Baba ameniita mama tangu nilipozaliwa, kwa kuwa nina jina la mama yake.

Nikampeleka. Nilimwekea kiti chenye mto nyuma ya pazia, chupa ya chai ya maziwa, na dawa yake ya kuvuta kwenye mfuko wa shati. Na lazima niseme ukweli: alikuwa hodari kupita kiasi. Alijua kwamba mtu aliyeishiwa pumzi hasemi sentensi nzima, anasema maneno mawili, anapumzika, anasema mengine mawili. Alijua kwamba mtu huyo ana hofu, na kwamba hofu ya mzee hutoka kwa sura ya ukali. "Msinilaze," alifoka kupitia shingo ya mdoli. "Nikilala... nazama." Wanafunzi walioingia wakitabasamu wakasahau kucheka. Walimwinua mdoli, wakamwekea mito mgongoni, wakamwongezea oksijeni, wakampa pole. Kwenye mapumziko waliniuliza kama Babu atakuja tena kesho. Wakaanza kumletea ndizi.

Alikuwa na kasoro moja tu, lakini ilikuwa kubwa. Hakuweza kuacha shikamoo ipite bila kuijibu.

Hapo naomba nijieleze. Mimi nina sheria moja darasani: mgonjwa hashikwi kabla hajasalimiwa. Hata kama ni mdoli. Ukimsalimia unapata mambo mawili kwa mpigo. Unampa heshima yake, na unajua kama ana fahamu. Asipojibu, hapo ndipo unapaswa kukimbia: tazama kifua, inua kidevu, rudisha kichwa nyuma ili njia ya hewa ifunguke, weka barakoa usoni, minya mfuko wa hewa. Mazoezi yetu mengi yako hivyo. Mgonjwa anaanza akiwa anaongea, kisha hali inabadilika, namzimia kifua, na mwanafunzi lazima agundue.

Basi nikizima kifua, namfanyia baba ishara ya kunyamaza. Anatikisa kichwa kwamba ameelewa. Mwanafunzi anakaribia kitanda, anasema, "Shikamoo babu," na maiti yangu inajibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?"

Chumba kizima kinaanguka kwa kicheko. Mimi nyuma ya pazia nambana baba kwa macho. "Baba, umeacha kupumua."

"Nimesahau."

"Huwezi kusahau kwamba huna pumzi."

"Mtoto wa watu kanisalimia."

Ungeniambia nizime maikrofoni. Niliizima. Baba aliimba besi kwaya ya kanisani kwao tangu ujana, na hata mapafu yalipoharibika, marahaba yake ilipita juu ya pazia bila kuhitaji waya. Nikajaribu kumwekea pipi mdomoni. Aliisogeza shavuni, akajibu. Mwishowe nikawaambia wanafunzi wakisikia marahaba wakati kifua kimesimama waichukulie kama haipo. Wakasema sawa, Madam. Nikaamini limekwisha.

Kati yao kulikuwa na binti mmoja wa Kisongo, upande wa magharibi wa mlima, wa familia ya wafugaji walio pia wakulima. Alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya kwao. Zahanati ile ilikuwa imepata mashine ya kutengeneza oksijeni, na kwa kuwa hakuna aliyejua kuitumia wala kumshughulikia mgonjwa wa kuunganishwa nayo, ilikuwa imesimama pembeni ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama televisheni ya wageni. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuja kusoma. Alinionyesha picha ya ile mashine kwenye simu yake, pamoja na kitambaa chake, na akasema kwa sauti yake ya upole kwamba mwezi uliotangulia walimpakia mama mjamzito kwenye pikipiki kumleta mjini huku mashine ikiwepo. Alifika, alisema, lakini kwa shida.

Darasani alikuwa na akili kali. Tatizo lilikuwa mikono. Kufungua njia ya hewa lazima usimame upande wa kichwani, ushike taya na kukirudisha kichwa nyuma bila woga, na yeye alikuwa anakigusa kichwa cha mdoli kwa ncha za vidole, kama anayepima pasi kama imepata moto. Barakoa haikukaa. Hewa ikavujia mashavuni. Nilimwuliza kulikoni, akainama. "Madam, kwetu mzee ndiye anayenigusa kichwa. Namwinamia, ananiwekea mkono. Mimi sijawahi kushika kichwa cha mzee."

"Huyu ni plastiki."

"Najua. Lakini ni Babu."

Mtihani wa vitendo wa kwanza ulipofika, baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda Momela kwenye mazishi ya shemeji yake. Nikafanya sauti mwenyewe, na kikohozi changu cha kupaliwa ugali, kisha nikazima kifua na kunyamaza. Binti alisogea. "Shikamoo babu." Kimya. Akasubiri. Nilikuwa namwona kwenye upenyo wa pazia: amesimama wima, mikono mbele, macho chini. "Shikamoo babu," akarudia, safari hii taratibu zaidi, sauti ya mtu anayedhani amemkosea mzee na mzee amenuna. Akasubiri tena. Kifua kilikuwa kimesimama mbele ya macho yake. Nilitamani kupiga kelele. Alipokuja kuzinduka na kukimbilia barakoa, akashika kichwa kwa vidole viwili, hewa ikavuja, na mtahini akasema basi.

Nilimfuata kwenye korido nikamsema. Nilisema mengi, na kwa haraka, kama kawaida yangu. Alisikiliza yote. Nilipomaliza alisema neno moja tu. "Madam, Babu huwa anajibu."

Nafasi ya kurudia ilikuwa moja. Akishindwa, angerudi zahanati bila cheti, na hakuna aliyejua zahanati ingepata lini nafasi nyingine ya kumpeleka mtu. Ile mashine ingebaki na kitambaa chake.

Baba aliporudi kutoka Momela nilimwambia. Alikuwa na bakuli la loshoro mbele yake, mahindi na maziwa mgando, chakula ambacho hajawahi kukiacha hata akiwa na homa. Akaweka kijiko chini.

"Kwa hiyo aliyemfelisha ni mimi."

Mtoto mwingine wa kike angemwambia baba yake hapana, usiseme hivyo. Mimi nilisema ndiyo, mimi na wewe. Akalisukuma bakuli pembeni. Jioni ile nzima redio ilisema upuuzi wake bila kubishiwa. Asubuhi akaniambia nimwite yule mtoto, Jumamosi, aje nyumbani.

Alikuja na mtungi mdogo wa maziwa. Kulikuwa na ukungu, ile baridi ya Arusha ya katikati ya mwaka inayoingia mpaka kwenye soksi, na mlima haukuonekana hata ile nusu yetu. Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye stuli, taulo mabegani, beseni la maji ya moto miguuni. Hakuwa amenyoa ndevu tangu msibani.

"Kinyozi wangu yuko Daraja Mbili," alimwambia binti baada ya salamu. "Kijana mdogo, kazaliwa juzi. Kichwa changu anakigeuza huku na huku kama anachagua nanasi, na mimi nikitoka pale namshukuru. Umeona amenivunjia heshima?"

"Hapana babu."

"Basi leo kinyozi ni wewe. Ndevu hizi zinaniwasha."

Binti akaniangalia. Nikaangalia juu, kama vile kuna kitu kwenye antena ya jirani. Akanawa mikono, akapaka sabuni, akazunguka nyuma ya stuli. "Babu, naomba kichwa," alisema, na baba akasema, "Chukua."

Sasa, ukitaka kunyoa chini ya kidevu cha mzee mwenye ngozi iliyolegea, hakuna njia nyingine. Lazima uinue kidevu, uirudishe nyuma shingo, taya uishike imara kwa vidole vilivyopinda chini yake ili ngozi ivutike. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, nikaliona somo langu zima linafanyika pale kwenye stuli. Nilikuwa nimelifundisha kwa picha, kwa video, kwa mdoli wa gharama. Sabuni sikuwahi kuifikiria. Mikono ya yule binti ilianza na woga wake uleule, lakini wembe hauvumilii woga, na polepole vidole vikakaa mahali pake. Alipofika upande wa pili alikuwa anakigeuza kichwa cha baba yangu bila kuuliza.

"Msalimie," nilimwambia.

"Sasa hivi, Madam?"

"Sasa hivi."

"Shikamoo babu."

Baba akafungua mdomo kujibu, taya ikacheza, wembe ukamkwaruza. Tone dogo la damu likatoka. Binti akashtuka na kutaka kuacha. Baba, macho yameelekea mawinguni, akamfanyia ishara kwa mkono: endelea. Akasalimiwa tena. Safari hii niliona koromeo lake linapanda na kushuka, neno limefika pale na kurudishwa. Alinyamaza. Naapa sijawahi kumwona baba yangu akifanya kazi ngumu namna ile, na nimemwona akibeba magunia ya kahawa.

Binti akaja Jumamosi iliyofuata pia, na iliyofuata. Baba hakuwahi kuwa na kidevu laini namna ile maishani mwake. Waumini wenzake wakaanza kumuuliza kama anataka kuoa.

Siku ya mtihani wa kurudia baba alivaa koti la Jumapili na kofia yake, ili kukaa nyuma ya pazia ambako hakuna anayemwona. Mtahini alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka nje ya mkoa, mpole lakini hana mzaha. Binti akaingia. Akachukua barakoa, akaihakiki, akasogea kitandani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba... mwanangu," baba akajibu, neno moja moja, mgonjwa hasa. Kikohozi kikaja. Hakikuwa cha kuigiza chote. Asubuhi ile hali yake haikuwa nzuri, nami nilijua. Binti akamwinua mdoli, akamwekea mito, akampa oksijeni, akamweleza kila anachofanya. Kila kitu kilikwenda vizuri. Mtahini akanipungia kalamu. Nikabonyeza kitufe. Kifua kikasimama.

Nikamgeukia baba kumpa ishara, nikakuta haihitajiki. Alikuwa amevua kofia yake, ameikunja, na ameing'ata.

"Babu?" Sauti ya binti ilikuwa karibu sana, upande wa pili wa kitambaa. "Babu, unanisikia? Shikamoo babu."

Baba akafumba macho. Mabega yake yakapanda. Aliing'ata ile kofia kwa meno yote aliyobakiwa nayo, na machozi yakamtoka, yakateremka mpaka kwenye kidevu kilichonyolewa na aliyekuwa anamsalimia. Nilimshika mkono. Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na sikuweza kumwambia, kwa kuwa tulikuwa tumekufa.

Binti hakurudia salamu. Nilisikia viatu vyake vikizunguka kwa haraka kwenda upande wa kichwani, kisha, kwa ule upole wake, "Babu, naomba kichwa." Nikachungulia. Kidevu kilikuwa juu, shingo nyuma, vidole vimepinda chini ya taya kama vinavyosubiri wembe, barakoa imekaa kama imeshonwa. Akaminya mfuko. Sikubonyeza kitu chochote mimi. Kifua kilipanda kwa hewa aliyoitia yeye, kikashuka, kikapanda tena, na akaendelea hivyo, akiita wenzake waje kumsaidia, mpaka mtahini aliposema, "Inatosha. Umefaulu. Mwache mgonjwa apumzike."

Baba alikuwa ameshasimama. Alilishika pazia, akalisogeza, akatoka huku anashikilia ukuta, kofia mkononi ikiwa na alama za meno. Hewa ilikuwa inampiga chenga kwelikweli. Mtahini alimshangaa yule mzee wa koti la Jumapili aliyetokea nyuma ya kitanda, lakini baba hakuwa na habari naye.

"Marahaba," alimwambia binti. Akavuta pumzi. "Marahaba, mjukuu wangu. Na ile... ya siku ile sikuwepo. Marahaba."

Binti akaweka mfuko chini na kuinamisha kichwa, baba akakiwekea kiganja. Mimi nilijifanya nakunja waya wa maikrofoni, kazi ambayo ilinichukua muda mrefu kuliko kawaida.

Ile mashine ya Kisongo imevuliwa kitambaa chake, na binti ananitumia picha za wagonjwa wakiruhusiwa, kwa idhini yao, wanacheka wote. Baba hukuza picha hizo kwenye simu ili atafute alama za barakoa usoni, aone kama ilikaa sawasawa. Yeye mwenyewe sasa ana oksijeni yake nyumbani, bomba puani, na chuoni haendi tena. Mdoli nimerudi kumsemea mwenyewe. Wanafunzi wapya wanacheka.

Nikirudi kutoka kazini nafungua mlango na kusema, "Shikamoo baba." Yuko kwenye kochi, uso kwa ile nusu ya mlima, na hajibu. Najua anafanya makusudi, anafanya hivyo karibu kila jioni, na nimemwambia kwa ukali kwamba mchezo huo siupendi. Hata hivyo naweka mkoba chini pale pale mlangoni na kutazama kifua chake. Natazama mpaka nione kimepanda.

"Marahaba," anasema, bila kugeuka. "Mbona leo umekawia kuja upande wa kichwani?"